Sisi wa Upande wa Ukuta

Nyumbani, Jumamosi alasiri

Mwanaidi mwanangu,

Salamu za hapa sikuandikii, maana hapa bado upo. Nakusikia uani unabishana na mdogo wako Jumanne juu ya ndoo. Tima amelala, bibi yako amekwenda kutoa pole kwa jirani, nami nimekaa mlangoni na karatasi juu ya goti. Nikingoja jioni sitaandika kitu. Jioni nitakuwa nakusuka, na mkono wangu ukishakuwa kichwani mwako mdomo wangu unasema mambo ya chumvi na sabuni tu. Barua hii nitaitia kwenye begi chini ya sare. Uisome ukishafika Lindi, ukishakula, na mama yako mdogo Zuhura akishamaliza kukuuliza habari za kijiji kizima.

Mambo ya kufua, ya kusali kwa wakati, ya kuamkia wakubwa na kutozurura, hayo sirudii. Umekaa na mimi miaka yote hii. Kama hayajaingia, karatasi haitayaingiza. Nataka kujibu neno lako moja tu.

Siku matokeo ya kidato cha pili yalipotoka ulirudi kutoka shuleni, ukavua viatu, ukavipanga vizuri, ukaja jikoni nilipokuwa napepeta mchele. Nikakuuliza, "Vipi?" Ukasema, "Narudia darasa." Nikasema, "Basi, utarudia." Halafu ukasema, "Mama, mimi sina akili. Nimeshajijua."

Tima akaanza kulia, nikamchukua, nikamnyonyesha, na wewe sikukujibu.

Hukulisema tena, lakini mimi nakuona. Jumanne akikuletea hesabu zake unamwambia akamngoje mwalimu. Redioni wakiuliza swali, zamani ulikuwa unajibu kabla mtangazaji hajamaliza. Siku hizi unainuka, unakwenda kuangalia moto ambao hauna shida yoyote. Lile neno umelipa kitanda ndani yako na limeanza kuzoea. Mimi nalijua neno hilo, Mwanaidi. Nimelala nalo tangu nikiwa mdogo kuliko wewe.

Nitakueleza lilivyoniingia. Ukishasoma usimchukie bibi yako. Nakuomba hilo kabla sijaanza.

Nilikuwa darasa la saba. Babu yako alikuwa ameshafariki, na sekondari ilikuwa mbali, ya kwenda kupanga chumba na kujipikia. Wasichana wawili wa hapa walikuwa wamekwenda, wote wawili wakarudi na mimba. Bibi yako aliogopa. Na hakuwa peke yake. Waulize wanawake wa umri wangu hapa, tangu Somanga mpaka huku kwetu, wengi wataangalia chini wacheke kidogo, kisha watakwambia na wao waliambiwa kama nilivyoambiwa mimi, wengine na baba zao. Siku ya kuamkia mtihani wa taifa bibi yako aliniita, akaniambia, "Hadija, kesho kwenye karatasi usijifanye unajua. Weka alama popote. Ukifaulu utanitia mashakani."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Kesho yake nikaingia kwenye chumba cha mtihani. Nilipopewa ile karatasi, nikaona namba yangu nimeiandika vizuri, imekaa sawa, nikasema hapana. Nitajibu. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi, maana mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa na kwenda. Nikajibu kwa nguvu zangu zote mpaka kiganja kikaloa jasho. Lakini yalikuwepo maswali, ya hesabu hasa, na ya Kiingereza, ambayo nilikuwa kama mtu aliyepelekwa kwenye nyumba ya watu gizani. Wenzangu wa pembeni kalamu zao zinakwenda. Yangu imesimama. Nikadhani mtihani umekuja mgumu kwangu peke yangu.

Majina ya waliochaguliwa yalipokuja, langu halikuwemo.

Bibi yako alifurahi, mwanangu! Alipika wali wa nazi na kuku, siku isiyo ya sikukuu. Akanipa kanga mpya, doti nzima. Akawaambia majirani, "Mwanangu msikivu. Nimesema naye, kanisikia." Wakaja kunipa hongera. Mmoja akasema, "Mama Hadija, mtoto wa hivyo ni mali." Mimi nimekaa mkekani nakula kuku.

Ningesema nini? Nikisema nilijaribu, nimemwasi mama yangu. Nikinyamaza, nimemtii. Nikanyamaza. Kwa watu nikawa mtoto msikivu, na ndani mwangu nikawa mtoto aliyejitahidi akashindwa. Bibi yako hajui mpaka leo. Wewe ndiye wa kwanza.

Mwaka uliofuata nikaolewa na baba yako, ukazaliwa wewe. Baba yako unamjua, akienda Songo Songo kuvua anarudi na samaki na maneno matamu, mpaka siku aliyooa hukohuko akabaki. Hayo yamekwisha, simsemi. Ninachotaka ujue ni jinsi mtu anavyoishi akishajiambia hana akili. Anaacha vitu vipite. Kwenye mikutano nilikaa nyuma. Karatasi yoyote ikija nasema, "Mpeni fulani asome." Siku moja zahanati ulikuwa na homa, umri wako kama wa Jumanne sasa, nesi akanipa chupa ya dawa, akaniuliza, "Unajua kusoma, mama?" Nikasema sijui. Ninajua! Nasoma vizuri tu. Niliogopa nikisoma nikakosea mbele za watu. Tulipofika nyumbani nikakupa wewe usome, mgonjwa, na shuka lako mabegani. Ukasoma: kijiko kimoja, mara tatu. Ulifurahi mpaka homa ikapungua. Mimi nilikuwa nimeshasoma njiani. Nilitaka nisikie kwako kwanza, nisije nikawa nimekosea.

Sasa nije kwenye mwaka jana.

Mwezi wa nne mpunga ulianza kutunga maziwa, na ndege wakaja. Bibi yako mguu ulikuwa umevimba. Tima mchanga. Jumanne hana sauti ya kufukuza hata kuku. Nikakuambia, "Njoo tuhamie shamba, wiki moja tu, uniamie ndege wasiumalize mpunga, halafu utarudi shule." Nikatuma na taarifa shuleni kwamba una homa.

Wiki moja. Unajua mwenyewe. Ndege hawana wiki moja. Ukiwaamia leo, kesho wanarudi na wageni. Tulikaa mpaka mpunga ukakauka, tukavuna, tukapura, tukabeba. Uliporudi darasani mitihani ya nusu mwaka ilikuwa imeshaanza.

Na kuna jambo moja la huko shambani ambalo linanirudia kila nikishika ufagio. Ulikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia, umekalia mbao, debe mkono mmoja na kitabu mkono mwingine. Kundi la ndege likashuka upande wa bondeni, wewe hukuliona. Nikatoka chini na Tima mgongoni, nikapiga kelele, "Macho mbele! Ndege hawasomi!" Ukakifunga kile kitabu, ukakikalia. Sikukuona nacho tena mpaka tunarudi.

Mpunga tuliupata. Tuliula, ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Na mwaka ule wa kwanza wa sekondari nilikuhamisha hivyohivyo pia, ila hakukuwa na mtihani wa taifa mwisho wake, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Wiki ya pili baada ya matokeo, mkuu wa shule akaita wazazi. Wewe hukuwepo, na mimi niliporudi nikakwambia tu kwamba tumekubaliana mambo ya uji wa shule. Tulikubaliana mambo ya uji, ni kweli. Lakini kabla ya uji kulikuwa na jambo.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Unamjua yule mkuu wa shule, mtu wa bara, haongei sana, shati limechomekwa hata siku ya mvua. Tulidhani atasoma majina. Nilikuwa nimeshachagua kona ya kukaa jina lako likisomwa. Akaingia, akasalimia, akasema, "Leo sisomi majina. Naomba kila mzazi akae kufuatana na mahali mtoto wake anapolala mpunga ukianza kuzaa. Anayelala barabarani, karibu na shule, upande wa dirisha. Anayehamia shamba, upande wa ukuta. Wafugaji, nyuma."

Watu wakaanza kunong'ona. Mzee Ngwale, ndiye huyohuyo unayemjua, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nina wake wawili. Mmoja barabarani, mmoja shamba. Nikae wapi?"

Mama mmoja akadakia, "Kaa mlangoni, baba, maana ndipo unapokaaga siku zote!"

Tukacheka, tukahama. Madawati yanagongana, watu wanakanyagana. Tulipotulia nikatazama. Upande wa dirisha alikuwa nesi, alikuwepo mwenye duka la vipuri vya pikipiki, walimu wawili ambao watoto wao wanasoma palepale, mama lishe wa stendi, mlinzi anayelinda mitambo ya gesi, na wengine wa barabarani. Wachache. Upande wa ukuta tulijaa mpaka tukakaliana. Nyuma walikuwa wafugaji, wanaume wawili na Mama Kabula, yule Msukuma.

Mwalimu akasema, "Ambaye mtoto wake amefaulu, mkono juu."

Upande wa dirisha mikono ikapanda, karibu yote. Mama lishe hakupandisha, na mwalimu mmoja naye hakupandisha, akawa anatazama kalenda. Upande wetu ukapanda mkono wa Bi Mwajuma peke yake. Yeye mtoto wake hulala kwa shangazi yake barabarani, hata mwalimu alisema, "Bi Mwajuma, wewe umekaa pasipo pako," naye akasema, "Nimezoea kukaa na wenzangu." Nyuma, Mama Kabula akapandisha.

Mzee Ngwale hakuweza kunyamaza. "Haya! Ng'ombe wenu wamekula ufuta wetu, sasa mmekula na maksi zetu!"

Mama Kabula hata hakugeuka. "Mzee, ng'ombe wangu usiku nawafunga. Wewe mtoto wako mwezi wa nne ulimfunga wapi?"

"Sikumfunga. Alikuwa analinda chakula."

"Basi kale hicho chakula, usilie maksi. Kabula anachunga Jumamosi na Jumapili. Siku za shule anachunga baba yake, na miguu inamuuma, anachunga hivyohivyo."

Watu wakacheka kwanza. Halafu kicheko kikafa chenyewe, maana kila mtu upande wa ukuta alikuwa anahesabu miezi yake kimoyomoyo.

Mkuu wa shule hakutupiga maneno. Alisema tu kwamba mwezi wa nne na wa tano mwalimu wa hesabu anaingia darasani, na nusu ya darasa ni madawati matupu. "Nikamuuliza, mwalimu, leo umefundisha nini? Akaniambia, nimefundisha mbao." Na akakubali makosa ya kwao. Alisema walikaa bila mwalimu wa fizikia muda mrefu, na kwamba Kiingereza kinawaangukia watoto kidato cha kwanza kama mzigo kutoka juu ya lori. Hakusema yote ni juu yetu.

Mimi sijawahi kuuliza swali mkutanoni tangu nimezaliwa. Siku hiyo nikasimama. Sauti ilitoka nyembamba. Nikasema, "Mwalimu, je, wapo waliokaa darasani mwaka mzima na wakafeli?"

Akasema, "Wapo, mama. Wachache, lakini wapo. Siwezi kukudanganya kwamba kuhudhuria ni dawa ya kila mtu. Wewe ni mama nani?"

"Mama Mwanaidi."

Madam wako wa darasa alikuwa amekaa pembeni anaandika. Akainua kichwa. "Mwanaidi? Mwanaidi mwezi wa tatu alikuwa ananiuliza maswali mpaka namwambia kaa chini tumalize! Aliporudi kutoka homa yake alikuwa mtoto mwingine. Hakuuliza tena."

Homa yake. Alisema hivyo mbele ya watu wote, na upande wetu wote walijua ni homa gani. Hakuna aliyecheka. Watoto wetu wote walikuwa na homa hiyo.

Nikakaa. Na hapo, Mwanaidi, nimekaa nimebanwa katikati ya Bi Mwajuma na mama mwingine ananiegemea, ndipo nikakumbuka mwaka wangu wa darasa la saba. Sijawahi kuukumbuka kwa namna ile. Mwaka ule bibi yako alinihamisha shamba. Na wa darasa la sita pia. Nilikuwa juu ya dungu mimi, kombeo mkononi, naimba. Yale maswali yaliyonifanya nijione mjinga, walikuwa wameyafundisha mimi niko dunguni. Si kwamba yaliingia kichwani yakatoka. Hayakuletwa kwangu. Na miaka yote hii nimebeba jambo ambalo halikuwa langu, nimekataa kusoma hata chupa ya dawa kwa ajili yake.

Tulipotoka nje Mama Kabula akaniita. Unajua tangu ng'ombe wao walipoingia kwenye ufuta wetu mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana kwa kidevu. Na wewe nilikukataza kula naye huyo Kabula, hukunisikia, ukadhani sijui. Akaniambia, "Mama Mwanaidi, huyu wa kwangu hesabu alifundishwa na wa kwako. Mpaka mwezi wa tatu. Alikuwa akija nyumbani anasema, Mwanaidi kasema hivi, Mwanaidi kasema vile. Baadaye akawa anasema, dawati nimebaki nalo peke yangu."

Nikasema asante. Nikatembea mpaka nyumbani, nikakwambia mambo ya uji.

Kwa hiyo jibu langu kwa neno lako ni hili, limechelewa lakini lije: si kweli. Sisemi hivyo kwa sababu mimi ni mama yako. Mama akisema mtoto wake ana akili, hiyo siyo habari. Nasema kwa sababu Kabula yuko kidato cha tatu na hesabu zako. Ulichokosa ni miezi, na miezi hiyo niliichukua mimi, nikaigeuza mchele.

Sasa kule Lindi, ninakokupeleka urudie darasa mbali na ndege. Utaingia darasa la watu. Utakuwa mkubwa kidogo kuliko wenzako, na watajua unarudia, maana watoto wa shule hawafichwi kitu. Watakuwepo watoto wa watumishi wa serikali, watakuwepo wa Wahindi wenye maduka kule mjini, wanaozungumza Kiingereza na baba zao mezani. Utawasikia wanajibu haraka. Usije ukadhani wamezaliwa nayo. Kila ukimwona mtu anajibu haraka jiulize kimoyomoyo, huyu mwezi wa nne alikuwa wapi? Na ukimwona mtu hajibu, jiulize hivyohivyo. Atakuwepo mmoja nyuma kabisa, ametoka Kilangala au wapi huko, viatu vimeshika tope la njiani, hasemi. Usimcheke. Ukaage naye kama ulivyokaa na Kabula.

Na ulize. Ukipiga kelele za maswali mpaka waseme kaa chini, mimi huku nitakuwa na raha.

Lakini nisikufunge macho kwa upande mwingine. Mwalimu alisema ukweli, wapo waliokaa mwaka mzima wakafeli. Inawezekana ukakaa Lindi mwaka mzima, ukajitahidi, na usifaulu. Ikiwa hivyo utarudi nyumbani na hatutakufa. Utajua umejaribu, na mimi nitajua nilikuachia. Hapo tutakaa chini tuzungumze mambo mengine, cherehani au chochote. Ila tusijihukumu kwamba hatuna akili kabla hatujaulizwa swali lenyewe.

Bibi yako hajafurahi. Usisingizie hukusikia tulivyokuwa tunasemezana jana, ukuta wetu ni wa fito na udongo.

"Nani ataamia ndege mwaka huu?" kaniuliza.

"Mimi, mama."

"Na huyo mgongoni?"

"Na huyu mgongoni."

"Na Jumanne akiumwa?"

"Tutaona, mama. Nimelima kipande kidogo. Na mwenye shamba la jirani tumekubaliana zamu."

Kisha akasema, "Wewe ulikuwa mtoto msikivu sana, Hadija. Sijui siku hizi umepatwa na nini." Nikainama nikachochea moto ili asione uso wangu. Nilikuwa karibu kucheka, na nilikuwa karibu kulia, na kulia kungeshinda.

Nimelima kidogo, kwa hiyo chakula kitakuwa kidogo. Nakwambia ili ujue, si ili ikuume. Tumeshawahi kula kidogo.

Sasa lililobaki ndilo zito, na ndilo lililonikalisha mlangoni. Tima ameanza kujigeuza, niharakishe.

Mimi najijua, Mwanaidi. Leo ni mwezi wa kwanza, ndege hawapo, naweza kusema maneno ya mtu hodari. Lakini mwezi wa nne utafika. Mpunga utatunga maziwa, ndege watashuka, Tima atakuwa na meno yanamtoka, mguu wa bibi yako utavimba, na mimi nitakuwa sijalala. Nitaomba simu kwa mtu, nitakupigia. Nitasema, "Mama, njoo wiki moja tu." Nitakuwa na sababu, na sababu zenyewe zitakuwa za kweli. Nitalia pengine. Nitakuita kwa lile jina la utotoni, maana najua linavyokuvunja.

Usije.

Ikiwa ni msiba, mama yako mdogo ataambiwa yeye, naye atakuleta mwenyewe. Lingine lolote, hata nikiapa, sema, "Hapana, mama," ukate simu, uende darasani. Nitakasirika. Huenda nikakaa siku nyingi sijakupigia. Bibi yako atasema mji umekuharibu, na mimi, kwa uchovu, huenda nikaitikia. Huyo atakuwa mtu aliyechoka anasema. Mama yako ndiye huyu anayeandika sasa.

Najua ulivyolelewa. Umefundishwa tangu hujaota meno kwamba mtoto asiyemtii mama anapoteza radhi, na asiye na radhi hafiki popote. Mimi ndiye niliyekufundisha, na sijayafuta. Kwa hiyo radhi nakupa leo, nikiwa na akili zangu, kabla hujakosa lolote. Siku utakayonikatalia, ujue umenikatalia na radhi zangu unazo.

Mimi mama yako,
Hadija